Mkono wa Msomaji: Historia ya Kitufe na Kioo

Kila kazi ya binadamu ina mahali pake pa mkono. Mvuvi hushika kasia pale ambapo uzito wake umesawazika. Mkulima hashiki mpini wa jembe popote. Na fundi cherehani huvaa subana katika kidole kile kile siku zote. Kusoma peke yake hudhaniwa kuwa kazi ya macho na akili, kana kwamba mkono haumo. Lakini kitabu hakijifungui, wala ukurasa haugeuki kwa kutazamwa. Tangu kale mkono ni mtumishi wa macho katika kusoma, na sifa ya mtumishi huyu ni kutumika pasipo kuonekana. Msomaji aliyezama katika habari hakumbuki ni mara ngapi amegeuza kurasa.

Mwanzoni mwa karne ya 21 kilitokea chombo kipya cha kusomea: bamba jembamba lenye uso mmoja, ambalo huchukua vitabu mamia na hata maelfu ndani yake. Uso wake haugeuzwi, maana ni mmoja tu. Maandishi ndiyo yanayobadilika juu yake. Hapo likazuka swali ambalo kitabu cha karatasi hakikupata kuliuliza. Je, mkono uamuru namna gani ili ukurasa ubadilike? Baadhi ya watengenezaji walijibu kwa kitufe cha kubonyeza, kilichowekwa ukingoni mwa chombo. Wengine walijibu kwa kioo cha kugusa, ambacho uso wenyewe wa maandishi hupokea amri ya kidole. Kwa mtu aliye mbali mabishano haya huonekana kuwa madogo, ya watu waliokosa la kusema. Historia yake yatoa ushahidi mwingine. Ndani yake mna swali la haki ya msomaji kuusahau mkono wake anaposoma, na swali la nani mwenye neno la mwisho juu ya chombo: yule anayekisomea au yule anayekiuza.

Swali la mkono ni la zamani kuliko umeme. Gombo lilidai mikono miwili, mmoja wa kukunjua na mmoja wa kukunja. Katika karne ya 1 mshairi wa Kirumi, Martial, aliwasifia watu vitabu vya ngozi vilivyofungwa kurasa kwa kurasa, na moja katika sifa alizozitaja ni kuwa kitabu cha namna ile hushikika kwa mkono mmoja. Baada ya karne chache kitabu cha kurasa kililishinda gombo katika nchi zilizoizunguka bahari ya Mediterania. Wanakili wa hati za Kiarabu nao walikuwa na hila yao. Chini ya ukurasa waliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zisichanganyike, na ili msomaji apate daraja la kuvukia wakati mkono wake unageuza. Desturi hiyo ilienea pamoja na maandishi ya Kiarabu hata ikafika pwani ya Afrika Mashariki. Ni jambo dogo, walakini laonyesha kuwa watengenezaji wa vitabu walifahamu tangu zamani kwamba kugeuza ukurasa ni mkatizo wa fikira, na kwamba ni kazi ya ustadi kuupunguza mkatizo huo.

Chombo cha kisasa kilianzia katika wino. Mwaka wa 1997 kampuni ya E Ink iliundwa nchini Marekani kutokana na kazi iliyofanywa katika chuo cha MIT na Joseph Jacobson pamoja na vijana waliokuwa wanafunzi huko, Barrett Comiskey na J. D. Albert. Wino wao ni vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho kimoja kimoja, vyenye chembe nyeupe na chembe nyeusi ndani ya kimiminiko. Chembe hizo zina chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukielekezwa upande mmoja, nyeupe hupanda na nyeusi hushuka. Ukigeuzwa, hubadilishana mahali. Zikiisha kutulia hubaki zilipo bila ya kula umeme tena. Kwa sababu hiyo uso wa chombo hufanana na karatasi: husomeka juani, hauyachomi macho kwa mwanga, na betri yake hudumu majuma. Lakini wino huu una udhaifu mmoja ambao ni ufunguo wa mengi yaliyofuata. Ni mzito wa mwendo. Chembe zahitaji sehemu ya sekunde kusafiri, na jicho la msomaji huuona uzito huo.

Mwaka wa 2004 kampuni ya Sony ilitoa nchini Japani chombo kilichoitwa Librie, cha kwanza kuuzwa madukani kikiwa na wino wa E Ink. Mwaka wa 2006 ikapeleka Marekani chombo kingine, Sony Reader. Kisha tarehe 19 Novemba 2007 kampuni ya Amazon ikatoa Kindle ya kwanza kwa bei ya dola 399, na shehena iliyokuwako ikamalizika kwa muda wa saa tano na nusu. Vyombo hivi vyote viliamriwa kwa vitufe. Kindle ilikuwa na safu za vitufe vya herufi chini ya uso wake, gurudumu dogo la kuchagulia, na katika kingo zake mbili vipande virefu vya kugeuzia ukurasa.

Hapana budi kusema kweli juu ya vipande vile: vilikuwa na kasoro kubwa. Vilichukua sehemu kubwa ya ukingo, hata mtu aliyekiinua chombo mezani, au aliyempa mwenzake akitazame, alijikuta amegeuza ukurasa pasipo kukusudia. Mahali pa kushikia na mahali pa kuamuru palikuwa pamoja. Kindle ya pili, iliyotolewa Februari 2009, ilileta marekebisho. Vitufe vilifupishwa, vikafanywa vibonyee kwa upande wa ndani, na ukingo ukarudi kuwa mahali pa kushikia. Katika mwaka huo huo Amazon ilitoa Kindle DX, kubwa zaidi, iliyofikiriwa kuwafaa wanafunzi na wasomaji wa magazeti. Hiyo ilikuwa na vitufe upande wa kulia peke yake. Mwenye kutumia mkono wa kushoto alilazimika kukipindua chombo juu chini, na maandishi yakajigeuza kumfuata. Basi kitufe nacho si kitu kisicho na upande. Anayekipachika amekwisha kuamua, kabla ya msomaji kuzaliwa katika usomaji wake, mkono upi utumike na kidole kipi kilale wapi.

Kioo cha kugusa kilizaliwa katika nyumba nyingine kabisa. Mwaka wa 1965 Mwingereza E. A. Johnson, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, alichapisha makala fupi ya kueleza uso wa kompyuta unaoamriwa kwa kuguswa na kidole. Kazi aliyoifikiria ilikuwa ya waongozaji wa ndege, ambao huhitaji kuchagua upesi miongoni mwa alama nyingi zilizo mbele yao. Mwaka wa 1972 mashine za kufundishia za PLATO IV, katika Chuo Kikuu cha Illinois, zilikuwa na miale ya mwanga usioonekana iliyokingamana mbele ya uso, 16 kwa 16. Mwanafunzi alijibu swali kwa kukatiza miale kwa kidole. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 Samuel Hurst, katika jimbo la Kentucky, alishughulikia namna nyingine, ya tabaka mbili nyembamba zinazokutana zinapobanwa.

Mwanachuoni apaswa kuangalia vizuri kazi hizi za mwanzo. Mwongozaji wa ndege huchagua ndege moja katika nyingi. Mwanafunzi wa Illinois alichagua jibu moja katika kadhaa. Kioo cha kugusa kilibuniwa kwa ajili ya kuchagua. Katika kuchagua, jicho hutangulia, kidole hufuata, na kila mguso una maana yake mpya. Kusoma kitabu kirefu ni kazi ya tabia nyingine. Mtu husema jambo moja tu kwa chombo chake, nalo ni "endelea", na hulisema mara mia tatu au mia nne mpaka kitabu kiishe. Kati ya "endelea" moja na nyingine mkono hauna kazi ila kutulia. Chombo kilichofanywa kwa kuchagua kilipopewa kazi ya kutulia, hapana ajabu kwamba palitokea msuguano.

Lakini desturi ya watu haingoji hoja za wanachuoni. Tarehe 29 Juni 2007, miezi michache tu kabla ya Kindle, simu ya iPhone ilianza kuuzwa, na kwa muda mfupi dunia ikazoea kuamuru kwa kidole juu ya kioo. Wasemaji wa Kiswahili waliyaona mageuzi hayo na kuyapa majina. Nchini Tanzania simu ya zamani ikaitwa simu ya batani, na ile mpya ikaitwa simu ya kupangusa. Majina haya yana ufundi ndani yake. Kubonyeza ni tendo lenye mwisho wake: kitu huzama, kikagota, kikarudi, na kidole chenyewe hujua kuwa kazi imekwisha. Kupangusa ni tendo la mwenye kufuta vumbi. Kidole hupita tu, na macho ndiyo yatakayotoa habari kama kitu kimeondoka au hakikuondoka. Aliyezoea kupangusa simu alipochukua chombo cha kusomea alipangusa vile vile, na uso usipojibu alidhani kimeharibika.

Sony ilijaribu kulijibu tazamio hilo mwaka wa 2008 kwa chombo kilichoitwa PRS-700. Kilikuwa na uso wa kugusa wa namna ya tabaka mbili, na taa ndogo za kusomea usiku. Tabaka zile zililazwa juu ya wino, na matokeo yake yakawa maandishi yaliyofifia na uso uliomeremeta kama dirisha. Kile kilichofanya wino ule upendwe, yaani kufanana kwake na karatasi, ndicho kilichotolewa kafara. Mwaka wa 2009 kampuni ya vitabu ya Barnes & Noble ilitoa Nook, iliyoyagawanya mambo kwa busara ya namna yake: juu uso wa wino wenye vitufe kingoni, chini kioo chembamba cha rangi cha kugusa. Mwaka wa 2010 Sony ilirudi na njia bora, ile ile ya mashine za Illinois. Miale isiyoonekana ilipitishwa juu ya uso, na hapakuwa na tabaka lolote lililoyafunika maandishi. Mwaka uliofuata njia hiyo ilienea. Kobo Touch, Nook Simple Touch na Kindle Touch zote zilitoka katika mwaka wa 2011. Hata hivyo hazikufanana. Nook iliupokea mguso ikahifadhi vitufe vya kurasa kingoni. Kindle Touch ilibakiwa na kitufe kimoja usoni, cha kurudia mwanzo, na mwaka wa 2012 Kindle Paperwhite ikakiondoa na hicho.

Si haki kuuhukumu mguso pasipo kuzitaja faida zake, nazo ni kubwa. Katika chombo cha vitufe, msomaji aliyekutana na neno asilolijua alihitaji kuisogeza alama mstari kwa mstari, kisha neno kwa neno, mpaka alifikie. Katika chombo cha kugusa huweka kidole juu ya neno, na kamusi hufunguka. Kwa mwanafunzi asomaye kwa lugha ya kigeni tofauti hiyo ni ya kila ukurasa, na kwa mwanachuoni apigaye mistari chini ya sentensi ni ya kila sura. Kadhalika safu za vitufe vya herufi zilikula nafasi kubwa ya chombo na zilikuwa za alfabeti moja tu, iliyochongwa kiwandani isibadilike. Kioo huchora herufi za Kiarabu, za Kijapani au za Kilatini kwa kadiri ya haja, kisha huzifuta. Chombo kilichoachana na safu zile kilikuwa kidogo zaidi mkononi huku uso wa kusomea ukibaki ule ule. Yeyote anayedai kwamba kioo kililetwa na upumbavu wa kufuata mitindo hajapata kutafuta neno katika kamusi kwa vitufe.

Hasara nayo ilikuwa upande wa mkono unaotulia. Kitufe kizuri hukubali kidole kilale juu yake. Kidole hungoja pale pale kitakapofanya kazi, na kati ya kungoja na kutenda hapana mwendo. Kioo hakikubali kulaliwa, kwa kuwa kwake kugusa ni kuamuru. Kidole gumba huishi ukingoni, huingia usoni, hugusa, hutoka tena, na hufanya safari hiyo mamia ya mara katika kitabu kimoja. Njiani hupita juu ya maandishi yenyewe na kuyaachia alama za jasho. Kingo zilipozidi kupunguzwa, mahali pa kushikia palipungua pia, na kosa la Kindle ya kwanza likarudi kwa mlango mwingine: msomaji hugeuza ukurasa kwa kushika tu. Miale haikuweza kubagua kidole na ncha ya shali au mdudu aliyetua usoni. Namna iliyotumiwa katika Paperwhite, inayohisi umeme wa mwili, hubagua zaidi, lakini haiijui glovu ya kawaida, na matone ya maji huiletea wasiwasi.

Juu ya hayo yote pana uzito wa wino uliokwisha kutajwa. Kioo cha simu humjibu mtu papo hapo, na jicho huridhika. Wino hukawia. Katika kitambo kile kifupi mwenye kugusa hana habari: ameguswa au hakuguswa? Akirudia, huruka kurasa mbili. Mwenye kubonyeza amekwisha kupata jibu katika ncha ya kidole kabla jicho halijaona kitu, na hana haja ya kurudia. Kwa hiyo kitufe kiliuficha udhaifu wa wino, na kioo kikaufichua.

Biashara ya miaka iliyofuata ina funzo la ajabu. Mwaka wa 2011 Amazon iliuza Kindle ya vitufe, yenye matangazo, kwa dola 79, na Kindle Touch yenye matangazo kwa dola 99. Kitufe kilikuwa cha mwenye fedha chache. Mwaka wa 2014 chombo cha bei ya chini kabisa, cha dola 79 vile vile, kilitolewa kikiwa cha kugusa, na vitufe vya kurasa vikatoweka katika daraja hilo. Mwaka huo huo kampuni ilitoa Kindle Voyage kwa dola 199. Kingoni mwake hapakuwa na kitufe cha kuzama, bali alama za mstari na nukta zilizohisi mkandamizo wa kidole na kujibu kwa mtikisiko mdogo. Wahandisi walikuwa wamekiondoa kitufe, na sasa walilipa gharama kuuiga mwitikio wake. Mwaka wa 2016 ikaja Kindle Oasis yenye vitufe vya kweli, kwa bei ya karibu dola 290. Katika muda wa miaka mitano kitufe kilitoka kibandani kikahamia jumbani. Kitu kile kile kilichokuwa alama ya uchache wa fedha kikawa alama ya wingi wake, na mkono wa msomaji haukuwa umebadilika hata kidogo.

Wengine walikwenda na kurudi. Barnes & Noble iliondoa vitufe vya kurasa katika baadhi ya Nook zake, na katika GlowLight 3 ya mwaka wa 2017 ikavirudisha. Kobo, kampuni iliyoanzia Toronto na kuingia mikononi mwa Rakuten ya Japani, iliviweka katika Kobo Forma ya mwaka wa 2018 na Libra H2O ya mwaka wa 2019. Vyombo hivi, pamoja na Oasis, viliweka vitufe upande mmoja uliopanuliwa, na maandishi hujigeuza chombo kinapohamishwa kutoka mkono hadi mkono. Kilio cha mtumia mkono wa kushoto kikapata dawa. Mwaka wa 2024 Amazon ilikomesha uuzaji wa Oasis, na jamii nzima ya Kindle ikabaki bila vitufe vya kurasa. Mwaka huo huo Kobo ilitoa Libra Colour ikiwa navyo. Kiwanda kimoja kilihitimisha kuwa jambo limekwisha, na kingine kuwa halijaisha.

Sababu za watengenezaji hazikosi uzito. Kitufe ni kitu kinachotikisika. Kina chemchemi, kina tundu, huchakaa, na huongeza kazi katika kuunganisha chombo. Kioo kisicho na tundu ni kitu kimoja kwa masoko yote. Lakini si kila sababu inayotolewa husimama ikipimwa. Imesemwa kuwa vitufe hupitisha maji. Oasis ya mwaka wa 2017, Kobo Forma na Libra H2O zote zilikuwa na vitufe, na zote zilitengenezwa zistahimili kuzamishwa majini. Imesemwa kuwa msomaji hana budi kuchagua moja kati ya mawili. Nook Simple Touch iliviunganisha tangu mwaka wa 2011: mguso kwa kutafuta na kuchagua, vitufe kwa kuendelea. Kilichobaki ni hesabu ya gharama, nayo ni sababu halali ya mwenye kiwanda, ila si hoja juu ya usomaji. Tena msomaji wa chombo hiki ni mnunuzi wa vitabu vya duka lile lile lililomuuzia chombo. Kioo kimfaacho kuchagua neno ndicho hicho hicho kimfaacho kuchagua cha kununua, na hapo haja ya msomaji na haja ya muuzaji hukutana kwa furaha. Kitufe cha "endelea" hakiuzi chochote.

Jambo moja lawazuia watetezi wa vitufe wasitambe mno. Mwezi wa Juni 2009 vyama viwili vya vipofu vya Marekani, National Federation of the Blind na American Council of the Blind, vilikishtaki Chuo Kikuu cha Arizona State kwa mpango wake wa kutumia Kindle DX badala ya vitabu vya darasani. Chombo kile kiliweza kukisoma kitabu kwa sauti, na kilikuwa na vitufe vinavyopapaswa. Walakini orodha zake za kuchagulia hazikusomwa kwa sauti, na mwanafunzi asiyeona hakuweza kujua kitufe kitafungua kitu gani, wala kukifikia kitabu chenyewe. Shauri lilimalizika kwa mapatano Januari 2010. Vidole viliviona vitufe, na elimu ikabaki imefungwa. Kitufe kisichosema maana yake ni mlango usio na nyumba. Kioo nacho chaweza kufanywa kiseme jina la kila kitu kinachoguswa, na kwa asiyeona kikawa bora kuliko kitufe bubu. Lililo la maana ni kwamba chombo kijibu, kwa sauti au kwa ncha ya kidole, kwa kila mtu anayekitumia.

Ndipo mithali mbili za Waswahili zinapoposhindana katika shauri hili pasipo kulimaliza. Mmoja husema ya kale ni dhahabu, na kwa hayo humtetea mzee kitufe. Mwingine huonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, naye hukicheka kioo. Zote mbili huhukumu kwa umri wa kitu, na umri hauna neno hapa: kioo cha kugusa cha mwaka 1965 ni mzee kuliko Kindle kwa zaidi ya miaka 40. Mithali iliyo karibu na kweli ni ile isemayo kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye mkono unaotetemeka, mwenye baridi yabisi vidoleni, mama anyonyeshaye akishika chombo kwa mkono mmoja, mtu aliyesimama ndani ya basi akishika bomba kwa mkono wa pili, hawa ndio wakilaliao kitanda. Kwao safari ya kidole gumba kutoka ukingoni hadi usoni si jambo la mapambo. Kwa wengine ni usumbufu mdogo. Kwa hawa ni tofauti ya kusoma kurasa kumi na kusoma mia.

Vyuo na maktaba, vinavyonunua vyombo kwa makumi na kuvigawa kwa wasomaji wa kila namna, vina wajibu mkubwa zaidi ya mnunuzi mmoja. Mtu mmoja akichagua vibaya hujiumiza mwenyewe. Maktaba ikichagua kwa bei peke yake huwachagulia wengine ni nani atakayesoma kwa raha na nani atakayeacha. Maswali ya kuuliza ni machache na yapimika: je, chombo hiki hushikika kwa mkono mmoja, wa kulia na wa kushoto? Je, kidole chaweza kulala pasipo kuamuru? Je, amri ikipokewa, msomaji hujua papo hapo? Je, asiyeona aweza kukifungua kitabu bila ya kumwita mtu? Chombo kitakachojibu ndiyo kwa yote manne kitafaa, kiwe cha vitufe, cha kioo, au cha vyote viwili. Historia ya miaka hii yaonyesha kuwa kila mara jibu la swali moja lilipokuwa hapana, mkono ulikumbukwa, na mkono ukikumbukwa kitabu husahauliwa.